Anayehesabu si mtu wa bure



Leo ninataka kuzungumza juu ya mashindano ya roboti ya wanafunzi. Najua kuna mtu atakayesema: huyu mwandishi ameacha bei ya unga na habari za barabara, sasa analeta michezo ya watoto wa wazungu. Asikilize kwanza. Ndani ya mchezo huo kuna ugomvi tunaoujua vizuri hapa Kivu: watu wakifanya kazi pamoja, ni nani anayejua kila mmoja amefanya nini? Na mtu aliyekaa kando kuangalia na kuandika, je, anafanya kazi au anakula bure?

Mimi nina upande wangu katika ugomvi huo, na sitauficha. Ninasema yule kijana mwenye daftari, anayekaa kwenye viti vya watazamaji na kuhesabu, anafanya kazi kubwa kuliko wengi wanaopigwa picha karibu na mashine. Na wakubwa wanaomdharau wanawafundisha watoto uongo.

Tuanze na mchezo wenyewe. Katika inchi ya Marekani kuna shirika linaloitwa FIRST, lililoanzishwa mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen. Mashindano yake ya kwanza ya roboti kwa wanafunzi wa sekondari yalifanyika mwaka 1992, katika jimbo la New Hampshire. Leo timu zinatoka katika inchi nyingi. Kila mwaka unatangazwa mchezo mpya, na wanafunzi wanatengeneza roboti kubwa, yenye uzito unaoweza kupita kilo 50. Uwanjani zinaingia roboti sita: tatu za muungano mwekundu, tatu za muungano wa bluu. Pambano ni fupi, dakika mbili na kitu. Katika sekunde chache za kwanza roboti inatembea peke yake, kwa kufuata programu iliyoandikwa na wanafunzi. Baada ya hapo wanafunzi wenyewe wanaiendesha.

Shikeni jambo hili: katika mapambano ya mwanzo, timu haichagui wenzake. Ratiba inamwunganisha leo na huyu, saa ijayo na yule. Muungano ukishinda, timu zote tatu zinapata alama zilezile za ushindi. Ukishindwa, zote tatu zinakosa alama hizo.

Sasa fanyeni hesabu ndogo. Muungano mmoja umepata pointi 60. Roboti ya kwanza imeleta 40, ya pili 15, ya tatu 5. Muungano mwingine umepata 50. Katika meza ya matokeo, roboti iliyoleta 40 na roboti iliyoleta 5 zinapanda ngazi sawasawa. Roboti nzuri iliyokuwa upande wa pili, pengine yenyewe peke yake ilileta 45 kati ya zile 50, inaandikwa imeshindwa. Timu ikicheza mara kumi hivi, bahati ya ratiba inaweza kuipandisha mtu asiyestahili na kumshusha anayestahili.

Sisi tunalijua jambo hili tangu zamani. Siku ya salongo, avenyu nzima inatoka kusafisha mtaro. Saa ya kumaliza, kiongozi anaandika kwamba avenyu yetu imefanya kazi. Lakini kila mtu aliyekuwa pale anajua ni nani aliyeshika jembe tangu asubuhi, na ni nani aliyekuja na koleo safi akaondoka na koleo safi. Karatasi ya kiongozi haina uongo ndani yake. Kazi imefanyika kweli. Ila karatasi hiyo haijui nani ameifanya.

Ndiyo maana timu zenye akili zinaweka vijana sita kwenye viti vya juu. Kila kijana anapewa roboti moja tu ya kuangalia kwa pambano zima. Haruhusiwi kufuata mpira, haruhusiwi kushangilia, haruhusiwi kugeuza macho kwa sababu upande mwingine umepigwa makofi. Anaandika: katika sekunde za kwanza ilitembea au ilisimama? Imefunga mara ngapi, imekosa mara ngapi? Imezimika? Imezuia wengine? Mwishoni imepanda mahali pa kupanda au imebaki chini?

Kiingereza kinaita kazi hiyo kwa jina moja na la vijana wa skauti. Hapa tuwe waangalifu na tafsiri. Mtu akiita kazi hiyo upelelezi, katika inchi yetu neno hilo linaweza kumletea kijana shida kubwa. Tuiite uchunguzi wa wazi. Hakuna siri yoyote: watoto wanakaa mbele ya watu wote, na timu mara nyingi zinapeana hesabu zao bila kuogopana.

Kwa nini kazi hiyo ina uzito? Kwa sababu mapambano ya mwanzo yakiisha, timu nane za juu zinakuwa viongozi wa miungano, na viongozi hao ndio wanaochagua wenzao. Katika mashindano ya kawaida kila mmoja anachagua timu mbili. Nane mara tatu ni 24. Kama waliokuja ni 60, basi timu 36 zinafunga mizigo. Kuchagua kunakwenda kama nyoka: mzunguko wa kwanza unaanza kwa wa kwanza kushuka mpaka wa nane, mzunguko wa pili unaanza kwa wa nane kupanda mpaka wa kwanza. Maana yake, yule aliye wa kwanza kwenye meza anachagua mwenzake wa mwisho wakati timu zinazojulikana na kila mtu zimekwisha kuchukuliwa. Pale ndipo daftari linaposema. Kiongozi asiye na daftari anachagua rafiki, au timu yenye nguo nzuri, au timu iliyokuja kumsifia jana jioni.

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ninawaheshimu, lakini katika uwanja huu nusu ya methali hiyo haifanyi kazi. Kibaya kinajitembeza kweli: ukipita kwenye karakana za timu kuuliza roboti yenu inaweza nini, kila moja inaweza yote. Lakini chema hakijiuzi. Roboti nzuri iliyopewa ratiba mbaya inaweza kukaa nafasi ya 40, na hakuna atakayeijua isipokuwa mtu fulani ameiangalia kwa macho yake, pambano baada ya pambano, na kuandika.

Nitoe mfano wa kweli ili mtu asiseme ninapiga maneno. Mchezo wa mwaka 2024 uliitwa Crescendo. Roboti zilikuwa zinaokota mapete ya sponji ya rangi ya chungwa. Ukitupa pete kwenye spika, baada ya sekunde 15 za mwanzo, ulipata pointi 2. Ukiiweka kwenye amplifaya, ulipata pointi 1 tu. Kwa hiyo mjinga angesema: roboti inayopeleka mapete kwenye amplifaya ni dhaifu. Lakini sheria ilisema hivi: mapete mawili yakiingia kwenye amplifaya, muungano unaweza kubonyeza kitufe, na kwa sekunde 10 kila pete inayoingia kwenye spika inahesabiwa pointi 5, mpaka mapete manne. Mapete manne kwa bei ya kawaida ni pointi 8. Kwa bei ya amplifaya ni pointi 20. Zile pointi 12 za ziada ni za nani? Za yule aliyetupa mbele ya macho ya watu, au za yule aliyekwenda pembeni kimya kimya kuweka mapete mawili ya pointi moja moja?

Meza haijibu swali hilo. Waamuzi waliandika roboti gani ilipanda mwishoni, lakini mapete yalihesabiwa kwa jina la muungano mzima. Aliyekuwa na jibu ni yule kijana wa daftari.

Sasa wanakuja watu wa kompyuta. Wanasema: haina haja ya kuweka watoto kwenye viti, kuna kanuni ya hesabu inayochukua jumla za miungano yote na kukadiria mchango wa kila timu. Ni kweli, kanuni hiyo ipo, na ni nzuri kwa mwanzo. Timu 60 zikicheza mara kumi kila moja, tunapata mapambano 100, yaani jumla 200, za kutafutia namba 60 zisizojulikana. Kompyuta inafanya hivyo haraka sana. Lakini kanuni inadhani kila roboti inaongeza pointi zake peke yake kama mtu anayetia mawe kwenye mfuko. Haioni roboti iliyotumia pambano zima kumzuia adui mkubwa asipite. Haijui kwamba roboti fulani ilisimama dakika mbili kwa sababu waya wa betri ulichomoka, na fundi ameshaufunga. Ukichagua kwa kanuni peke yake, umemchagua mtu kwa buletini yake bila kumwangalia darasani.

Ninarudi kwa wale wakubwa. Katika timu nyingi, kazi ya kuhesabu inapewa nani? Inapewa mgeni, mdogo, yule ambaye hakupata nafasi karibu na mashine. Wanamwambia: wewe nenda kule juu ukaandike. Akirudi hakuna anayemwuliza ameona nini. Wakati wa picha anasimama nyuma. Halafu timu ikichagua vibaya, wanasema hesabu za watoto hazina maana. Mtoto aliyeambiwa kwamba kazi yake haina maana ataandika namba zisizo na maana. Kosa hilo ni la nani?

Maana kuhesabu vizuri ni kazi ngumu. Mapambano 100 kwa siku mbili, macho yanachoka, mkono unachoka. Kwa hiyo timu zilizo makini zinawapumzisha watoto kwa zamu. Na zinakagua: namba za wale watatu wanaoangalia muungano mmoja zikijumlishwa, zinapaswa kukaribia jumla iliyotangazwa na waamuzi. Zikiachana sana, mmoja amelala au amependelea. Hapo hakuna maneno ya "nadhani". Namba inasimama au inaanguka mbele ya wote.

Kuna sheria moja ya kazi hii ambayo ningependa iandikwe kwenye mlango wa kila ofisi katika jimbo letu. Sifuri na sikuona ni vitu viwili. Kijana akiangalia roboti mwanzo mpaka mwisho na haikufunga hata mara moja, anaandika sifuri. Akiwa alikwenda kunywa maji, anaacha wazi, au anaandika sikuona. Akiandika sifuri pale ambapo hakuwepo, ameiua timu ya watu. Wenzake watasoma karatasi hiyo kesho na kusema: hii haifai, tuiache.

Ninyi mliopanga foleni kwenye kambi la Bulengo au Kanyaruchinya, niwaeleze nini tena? Mnajua maana ya mwandishi wa orodha kupita saa mama amekwenda kuchota maji au kutafuta kuni, akakuta hema halina mtu, akaandika hakuna. Mama anarudi na kidumu chake, anaambiwa jina lake halimo. Yule mwandishi hakumchukia. Aliandika sifuri mahali pa sikuona, basi. Mtoto aliyefundishwa tofauti hiyo akiwa na miaka 15, kwa mchezo wa mapete ya sponji, atakuwa mwandishi wa orodha mwingine kabisa akifika miaka 30.

Hapo ndipo ninapogombana na namna tunavyosimulia habari za roboti katika Afrika yetu. Tunapenda sana mashine, tunapenda picha, hatupendi daftari. Mwaka 2013 kule Kinshasa ziliwekwa roboti za kuongoza magari, kazi ya injinia wetu Thérèse Izay Kirongozi na wenzake, na dunia nzima ilikuja kuzipiga picha. Tulijivuna, na ilikuwa haki yetu. Lakini swali la mchunguzi ni jingine: kwenye njia panda ile, kwa saa moja, magari mangapi yalisimama taa ilipokuwa nyekundu, na mangapi yalipita? Swali hilo ndilo linalomheshimu mvumbuzi, kwa sababu linaichukulia kazi yake kuwa kazi.

Au tazameni jirani zetu wa Burundi. Mwezi wa saba 2017 vijana wao sita walikwenda Washington kwenye mashindano ya FIRST Global, yaliyokusanya timu za inchi zaidi ya 150. Mchezo ulikuwa wa maji: roboti zilitenganisha mipira ya bluu, iliyokuwa mfano wa maji safi, na mipira ya rangi ya chungwa, iliyokuwa mfano wa uchafu. Mashindano yalipoisha vijana hao hawakuonekana tena, polisi wakatangaza, na ikasemekana wawili kati yao wamevuka kwenda Kanada. Siwahukumu, wakimbizi hawahukumiwi na watu wa Kivu. Ninauliza tu: magazeti ya dunia yalihesabu vijana waliokosekana, lakini ni gazeti gani lililotuambia roboti yao ilibeba mipira mingapi? Walikuwa wametengeneza mashine, wakaicheza mbele ya dunia. Kazi hiyo ikafunikwa. Mtu asiyeandika kazi ya watoto wake anawaachia wengine waandike wanachotaka.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, maana nawajua.

Wa kwanza anasema: hiyo ni michezo ya matajiri. Kushiriki tu kunadai dola elfu kadhaa, na sisi tuna watoto wanaosomea chini ya turubai. Ndugu, roboti ndiyo yenye bei. Jicho halina bei, kalamu ni faranga kidogo. Katika mashindano yote haya, kazi ya kuhesabu ndiyo pekee ambayo mtoto wa Mugunga anaweza kuianza kesho asubuhi akiwa sawa na mtoto wa Marekani. Video za mapambano ziko kwenye intaneti bila malipo. Simu moja yenye kuchajiwa, pambano moja lililohifadhiwa, watoto sita kuizunguka, kila mmoja roboti yake.

Wa pili anasema: mtafundisha watoto kuhukumiana. Hapana. Wafundishwe kuandika tendo, wasiandike mtu. "Imekosa mara tatu" ni hesabu. "Hawa hawana akili" ni tusi. Na karatasi iwe wazi: timu iliyohesabiwa ikitaka kuiona, ionyeshwe. Hesabu inayofichwa ndiyo inayoleta chuki.

Wa tatu anasema: kesho kamera zitafanya kazi hiyo. Zifanye. Kamera ikikosea, nani atajua kama hakuna mtu aliyezoea kuangalia?

Kwa hiyo ninadai mambo matatu, na ninayadai kwa watu wanaosikia.

Walimu na viongozi wa vikundi vya kompyuta hapa Goma, Bukavu, Bunia na Beni: kabla ya kuomba roboti kwa wafadhili, fundisheni kuhesabu. Kama hakuna video, upo uwanja wa mpira wa mtaa. Mtoto mmoja, mchezaji mmoja, nusu saa: mipira aliyopokea, aliyopoteza, aliyompa mwenzake mahali pazuri. Msishangae mkikuta kwamba mfungaji wa bao, yule anayebebwa mabegani, hakuwa ndiye aliyefanya kazi nyingi.

Wanaoandaa mashindano ya wanafunzi, wakubwa kwa wadogo: toeni zawadi kwa kikundi kilichohesabu vizuri, na muitangaze kwa sauti ileile mnayotangazia mshindi. Mwiteni mbele msichana aliyeandika karatasi 50 bila kuacha hata moja. Watoto wanafuata kile tunachopigia makofi.

Na ninyi wazazi, mtoto akirudi kutoka kwenye mchezo au kwenye kazi ya kikundi, msimwulize tu kama wameshinda. Mwulizeni: wewe umeona nini? Nani alifanya kazi? Umejuaje? Akisema "niliona kwa macho yangu, niliandika", msikilizeni mpaka mwisho. Akisema "sikuona", mpeni heshima vile vile, kwa sababu amewaambia ukweli.

Wengi wetu tumehesabiwa vibaya mara nyingi, na watu waliopita haraka. Tukiwalea watoto wanaokaa, wanaoangalia na kuandika kile tu walichokiona, hata kama wataanzia kwenye roboti za inchi ya mbali, siku moja watashika orodha zetu wenyewe. Siku hiyo ninataka mwandishi atakayesubiri mama arudi kutoka mtoni kabla hajaandika sifuri.